Intaneti Ndani ya Waya wa Stima: Tuidhibiti Vipi Isizibe Redio?

UTANGULIZI

Mpenzi msomaji, wahenga walinena kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Mwaka huu nimejifunza kwamba wakati mwingine wanaweza kukaa, mradi zizi ligawanywe vizuri na kila mmoja ajue upande wake. Fahali ninaowazungumzia ni redio na intaneti. Zizi lenyewe ni waya wa stima uliomo ndani ya ukuta wa nyumba unayolala.

Katika somo hili nitaeleza jinsi intaneti inavyopitishwa ndani ya nyaya za umeme, kwa nini jambo hilo huleta makelele redioni, na hatua ambazo mtu wa kawaida anaweza kuzichukua. Somo hili sikulipata kitabuni kwanza. Nililipata nyumbani, hapa Kinoo, na nusura lituletee ugomvi na jirani.

KISA CHENYEWE

Babu yangu, ambaye nyumbani tunamwita Guka, haoni vizuri tena. Gazeti limemshinda na televisheni kwake ni kivuli tu. Rafiki yake mkubwa ni redio ya betri, ile kubwa yenye eriali ndefu na masafa mafupi. Mchana husikiliza stesheni za FM kama watu wengine, lakini ikifika usiku hutafuta stesheni za mbali katika mita bendi 31 na 49, kama alivyofanya tangu ujana wake.

Muhula wa kwanza redio ile ikaanza vituko. Kila jioni, kuanzia saa moja hivi, sauti ya mtangazaji ilimezwa na mlio kama wa mvua kubwa juu ya mabati. Tukabadilisha betri. Wapi! Tukavuta eriali mpaka ncha. Mvua ikazidi kunyesha.

Halafu jioni moja stima ikapotea mtaa mzima. Si mnajua stima ikipotea huku kwetu watu hulalamika vipi? Basi siku hiyo Guka peke yake ndiye aliyepiga makofi. Redio ilikuwa safi kama maji ya mtungini! Stima iliporudi, mvua nayo ikarudi.

Baba mdogo akaruka kutoka kitini. "Ni yule kijana wa ghorofa ya tatu na mitambo yake ya intaneti. Hebu nipande nikamwonyeshe cha mtema kuni!"

Guka akamwambia, "Keti kwanza. Ushahidi huna, na tayari unataka kumfunga?"

Maneno hayo yalinikaa moyoni. Kesho yake nikamwuliza mwalimu wetu wa Fizikia, na hapo ndipo somo lilipoanza.

WAYA MMOJA, KAZI MBILI

Umeme tunaotumia Kenya ni wa volti 240, nao hutetema mara 50 kwa sekunde. Kutetema mara moja kwa sekunde huitwa hezi moja, kwa hivyo tunasema masafa ya umeme wetu ni hezi 50. Huo ni mwendo wa pole sana ukilinganishwa na redio. Stesheni ya masafa mafupi hutetema mara milioni kadhaa kwa sekunde, na hezi milioni moja huitwa megahezi.

Kwa kuwa tofauti ni kubwa hivyo, mawimbi mawili yanaweza kupita katika waya mmoja bila kuchanganyikana, kama sauti nzito na sauti nyembamba zinavyosikika pamoja katika kwaya moja. Kule mwisho wa waya kunawekwa kichujio. Sauti nzito, yaani umeme, inaenda kuwasha taa, na sauti nyembamba, yaani ujumbe, inaenda kwenye kompyuta.

Jambo hili si geni kwetu. Mita za tokeni zilianza kutumika Kenya mwaka 2009. Katika nyumba nyingi mita iko nje au juu ya nguzo, na ndani kuna ile kibodi ndogo unayochomeka kwenye soketi ili uingize namba 20 za tokeni. Je, namba hizo hufikaje kwenye mita? Zinapitia waya ule ule wa stima. Aghalabu kibodi ikikataa kusoma mita, watu huchomoa chaja na vifaa vingine, au huihamishia soketi nyingine, nayo hukubali. Sababu ni kwamba vifaa hivyo hutia kelele kwenye waya, na ujumbe wa kibodi husongwa.

Kibodi ya tokeni hutuma maneno machache tu, kwa masafa ya chini na mwendo wa pole. Intaneti inahitaji njia pana zaidi. Kwa hivyo vifaa vya kupitisha intaneti kwenye waya wa stima hutumia takriban megahezi 2 hadi 30. Sasa msomaji, shika kichwa: masafa mafupi ya redio yamo humo humo! Mita bendi 49 iko karibu na megahezi 6. Mita bendi 31 iko kati ya megahezi 9 na 10. Mita bendi 19 iko juu kidogo ya megahezi 15. Mgeni amebisha hodi katika chumba ambacho mwenyeji amelala miaka mingi.

KWA NINI WAYA UNAVUJA?

Huenda ukauliza, ikiwa intaneti imo ndani ya waya na redio inasikiliza hewani, ugomvi unatoka wapi?

Tukumbuke kanuni tuliyosoma: mwendo wa wimbi ni sawa na masafa mara urefu wa wimbi. Mawimbi ya redio husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde. Gawanya kwa hezi 50 za umeme na utapata wimbi lenye urefu wa kilomita 6,000. Kutoka Mombasa hadi Kisumu kwa barabara haifiki hata kilomita 1,000. Waya wa nyumba, wenye mita chache tu, hauwezi kulirusha hewani wimbi refu kiasi hicho.

Sasa chukua megahezi 15. Hesabu inatupa wimbi la mita 20. Robo yake ni mita 5 na nusu yake ni mita 10. Eriali hurusha mawimbi vizuri ikiwa na urefu wa robo au nusu ya wimbi, na mita 5 au 10 ndio urefu wa nyaya zilizomo katika kuta zetu na zile zitokazo kwenye nguzo. Bila kukusudia, fundi wa stima ametujengea eriali!

Isitoshe, kuna jambo la pili. Nyaya mbili zikilala pamoja, umeme ukienda kwa moja na kurudi kwa nyingine, mawimbi yake hufutana. Waya wa mtandao wa kompyuta umesokotwa wawili wawili kama nywele za msusi kwa sababu hiyo. Lakini tazama swichi ya taa nyumbani kwako. Waya wa moto huteremka hadi kwenye swichi na kupanda tena darini, ilhali mwenzake amebaki huko juu. Nyaya hazikai pamoja, mawimbi hayafutani, na yale yasiyofutwa huvuja hewani.

Ukiongeza na matawi ya nyaya ndiyo kazi kabisa. Mhandisi wa Tanzania, Justinian Anatory, pamoja na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Uppsala huko Uswidi, walichunguza jinsi ujumbe unavyosafiri katika nyaya za umeme za nchi kama zetu. Walionyesha kwamba urefu wa waya, wingi wa matawi na vifaa vilivyochomekwa huudhoofisha ujumbe. Mwaka 2010 Anatory na mwenzake Nelson Theethayi walichapisha kitabu kizima kuhusu elimu hii. Kwa hivyo asikudanganye mtu kwamba mambo haya ni ya Wazungu tu.

YALIYOTOKEA KWINGINE

Mwaka 1997, katika mji wa Manchester nchini Uingereza, kampuni za Norweb na Nortel zilitangaza kwamba zitaleta intaneti kupitia nyaya za umeme. Magazeti yalishangilia, maana kila nyumba tayari ilikuwa na waya. Lakini nguzo za taa za barabarani zilionekana kufanya kazi kama eriali na kuyarusha hewani mawimbi ya data. Mwaka 1999 mradi ukaachwa.

Nchini Marekani, mwaka 2004, tume inayosimamia mawasiliano iliweka kanuni. Zilidai kwamba mitambo iweze kunyamaza katika masafa fulani, iweze kuzimwa kutoka mbali ikileta madhara, na mahali ilipo paandikwe katika orodha inayoweza kuonwa na watu. Wana redio wa ridhaa, yaani wale wanaozungumza kwa redio kwa mapenzi tu bila malipo, waliona kanuni hizo hazitoshi. Chama chao, ARRL, kikaenda mahakamani. Mwaka 2008 mahakama ikaamua kwamba tume ilikosea kuficha sehemu za uchunguzi wake wa kitaalamu. Hapa mimi nilijifunza kitu: hata mwenye redio ndogo ana haki ya kuona ushahidi.

Mji wa Manassas katika jimbo la Virginia ulijivunia kueneza huduma hiyo mji mzima. Malalamiko ya wenye redio yalidumu miaka, wateja wakawa wachache, na mwaka 2010 mji ukaifunga.

Na kwetu je? Hapa Kenya nguzo za stima zinabeba intaneti, ila kwa njia tofauti. Inapita katika nyuzi za kioo, zile tunazoziita faiba, zilizotundikwa kwenye nguzo hizo hizo. Ndani ya faiba kinachopita ni mwanga, na mwanga ule hausumbui redio ya mtu. Hatari iliyobaki ni ndani ya majumba. Kuna vifaa vidogo vya kuchomeka kwenye soketi, viwili viwili, ambavyo hupeleka intaneti kutoka chumba kimoja hadi kingine kwa waya wa stima. Katika majumba yetu ya mawe, ambapo waifai haipenyi kuta, vifaa hivyo vinasaidia sana.

NAMNA YA KUYADHIBITI MAKELELE

Wataalamu wana njia kadhaa. Nitazitaja zile kubwa.

Ya kwanza ni kukata mapengo. Kifaa cha aina ya HomePlug AV hugawanya data katika sauti ndogo ndogo 1,155. Mfikirie kiongozi wa kwaya yenye waimbaji 1,155 anayewaambia baadhi yao wanyamaze. Wanaobaki kuimba ni 917. Walionyamazishwa ni wale ambao wangeimba juu ya wana redio wa ridhaa, kwa mfano kati ya megahezi 7.0 na 7.2. Katika mapengo hayo nguvu hupunguzwa takriban mara 1,000. Lakini stesheni za utangazaji, kama zile za Guka, hazikuachiwa mapengo kama hayo, na ndiyo maana yeye aliumia.

Ya pili ni kupunguza nguvu. Kifaa kisipige kelele kuliko inavyohitajika ili kusikika.

Ya tatu ni kuchuja. Pete ya feraiti, yaani kile kijivimbe kigumu unachokiona kwenye waya wa kompyuta au wa chaja, huzuia mawimbi ya juu yasitoroke kwa waya.

Ya nne ni kubadilisha njia. Pale inapowezekana, tumia faiba au waya uliosokotwa, na waya wa stima uachiwe kazi yake.

Ya tano ni sheria. Nchini mwetu msimamizi wa masafa ni Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Masafa ni mali ya umma kama barabara, na mtu akizuiwa kupita ana pa kushtaki.

HATUA ZA KUFANYA NYUMBANI

Kabla ya kumlaumu yeyote, fanya hivi. Tahadhari: usifungue mita, usiguse nguzo wala waya ulio wazi. Kazi yako ni kuchomoa, kuzima na kusikiliza.

1. Andika daftari. Kelele inaanza saa ngapi, inaisha saa ngapi, na iko katika masafa gani? Fanya hivyo wiki nzima.

2. Tumia redio ya betri. Iache ikilia, kisha mtu mzima azime swichi kuu ya nyumba yenu. Kelele ikifa, mwizi yuko kwenu. Ikibaki, yuko nje.

3. Washa tena na uchomoe kifaa kimoja kimoja: chaja, taa, televisheni. Sikiliza kila mara.

4. Tambua mlio. Chaja hafifu au taa ya bei rahisi hulia kama nyuki, na mlio hurudi tena na tena ukizungusha kitafutio. Intaneti ya waya wa stima hulia kama mvua data ikipita, na hudondoka tik, tik, tik ikipumzika.

5. Tafuta pengo. Ikiwa mvua inanyamaza ghafla kati ya megahezi 7.0 na 7.2, kisha inarudi ukifika 7.3, basi umeona alama ya kidole cha kifaa chenyewe.

6. Nenda kwa jirani na daftari lako, na kwa adabu.

MWISHO WA KISA

Nilizifuata hatua hizo zote. Mwalimu alituazima redio ndogo inayoonyesha masafa kwa namba. Baba mdogo alipozima swichi kuu, masikio yetu yalipata ajabu. Kumbe tulikuwa tukisikia kelele mbili! Ile ya nyuki ilikufa papo hapo. Ilitoka kwenye chaja yake mwenyewe Baba mdogo, iliyochomekwa karibu na kiti cha Guka. Nyani haoni kundule. Guka alicheka mpaka akakohoa.

Ile ya mvua ilibaki. Tukaifuata masafa kwa masafa, na tulipofika 7.1 ikanyamaza. Tulipofika 7.3 ikaanza. Nikaandika.

Jumamosi tukapanda ghorofa ya tatu, mimi na Baba mdogo. Kijana yule ni mwanafunzi wa chuo, na jioni hufanya kazi za mtandao ili ajilipie karo. Alitusikiliza, akatazama daftari, akasema, "Sikujua kabisa. Wacha nichomoe, nyinyi mwende mkasikilize." Tulishuka. Stesheni ya Guka ilikuwa wazi. Akachomeka, mvua. Akachomoa, safi. Mara tatu.

Angeweza kusema, "Mzee anunue redio nyingine." Sisi nasi tungeweza kudai aache intaneti. Lakini yeye anategemea mtandao apate karo, na Guka anategemea redio aijue dunia. Tuliomba ruhusa kwa mwenye nyumba, tukanunua mita 30 za waya wa mtandao, ule uliosokotwa, tukachangia nusu kwa nusu, na ukapitishwa kwenye ngazi hadi kwenye chumba chake. Sasa anasema hata mtandao wake haukatiki kama zamani, na chaja mpya ya Baba mdogo haina nyuki.

HITIMISHO

Mpenzi msomaji, teknolojia mpya ikija tuipokee. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini mgeni mwema huuliza mwenyeji amelala wapi kabla ya kutandika mkeka wake. Makelele ya redioni yanaweza kupimwa, kutambuliwa na kupunguzwa. Lililo gumu zaidi ni kuzuia ulimi mpaka ushahidi upatikane. Baba mdogo alikuwa tayari kumpiga mtu kwa kosa ambalo nusu yake lilikuwa limechomekwa kwenye soketi yake mwenyewe.

Guka ananiambia niwasalimu nyote. Usiku hakuna mvua tena, ila ile ya Mungu.

MSAMIATI

Masafa: idadi ya mara ambazo wimbi hutetema kwa sekunde; hupimwa kwa hezi.
Masafa mafupi: sehemu ya redio iliyo takriban kati ya megahezi 3 na 30, inayoweza kufika nchi za mbali.
Kichujio: kifaa kinachopitisha masafa fulani na kuzuia mengine.
Pengo: sehemu ya masafa iliyoachwa kimya kwa makusudi.
Redio ya ridhaa: mawasiliano ya redio yanayofanywa kwa mapenzi bila malipo. Vituo vya Kenya vya aina hii hutambulishwa kwa herufi 5Z4.

ZOEZI

1. Kokotoa urefu wa wimbi la stesheni iliyo katika megahezi 6. Robo ya wimbi hilo ni mita ngapi?
2. Kwa nini waya wa umeme haurushi hewani hezi 50 lakini hurusha megahezi 15?
3. Redio ya betri inaendelea kupiga kelele hata baada ya swichi kuu ya nyumba yenu kuzimwa. Eleza maana yake na hatua utakayochukua.
4. Tumia methali "Nyani haoni kundule" katika kisa kifupi cha aya moja.